Stempu za Kikombe Kimoja

Siku ya kwanza Mwalimu kuingia kwenye kibanda changu cha fotokopi pale Dagoretti Corner, alikuwa amebeba mfalme ndani ya bahasha. Alimtoa kwa kibano kidogo cha chuma, akamlaza juu ya kioo cha mashine, akaniambia nimtolee kopi mbili na nisimguse, maana vidole vina mafuta. Nikainama kutazama. Ilikuwa stempu ya mzee wa Kizungu mwenye ndevu na taji, na nyuma yake kondoo wawili. Nikauliza huyo ni mfalme wa wapi.

"Wa shamba lake," akasema. "Aligombana na serikali ya huko kwao, akatangaza uhuru. Ana raia kumi na mmoja, pamoja na mama mkwe."

Mimi si mtu wa kuchezewa kabla ya saa nne asubuhi, na nilimwambia hivyo. Hakucheka. Alitoa bahasha ya pili, na ya tatu. Kulikuwa na nchi ya jabali moja baharini lenye mnara wa taa na familia moja. Kulikuwa na nchi ya wanafunzi waliotangaza uhuru wa bweni lao na kumchagua mpishi awe waziri mkuu. Zote zilikuwa na bendera, zote zilikuwa na katiba, na zote zilikuwa na stempu, ingawa hakuna serikali duniani iliyozitambua. Mwalimu alizitambua. Alikuwa amewaandikia marais na wafalme hao mmoja baada ya mwingine, kwa mwandiko wake wa ubaoni, na wao, labda kwa mshangao wa kuandikiwa kutoka mtaa wa Kabiria, wakamjibu.

Alikuwa amefundisha jiografia shule ya upili mpaka akastaafu, na nusu ya watu wazima wa Riruta walikuwa wamewahi kuchapwa naye kwa sababu ya Mto Zambezi. Waliochapwa ndio waliomheshimu zaidi. Sijui kwa nini huwa hivyo. Hata wazee waliomzidi umri walimwita Mwalimu, na kama alikuwa na jina lingine, halikutumika upande wetu wa Barabara ya Ngong.

Kosa la mpaka kwake lilikuwa dhambi. Siku moja mchuuzi alileta ramani za ukutani za Kenya, akazitandaza kando ya stage ya matatu. Mwalimu akapita, akasimama, akavaa miwani. Ramani zilikuwa zimeliweka Ziwa Turkana lote ndani ya Kenya. Akachuchumaa pale kwenye vumbi na suti yake ya kijivu, akatoa kalamu, akaanza kusahihisha ile ncha ya kaskazini, iliyo Ethiopia, ramani moja baada ya nyingine.

"Mzee, sasa hiyo ni kuniharibia kazi," mchuuzi akamwambia.

"Nakuongezea thamani. Ulikuwa unauza karatasi. Sasa unauza ramani."

Na kweli zile zilizosahihishwa ndizo zilizotangulia kununuliwa. Mimi mwenyewe nilichukua moja, na bado iko ukutani kwangu.

Basi mtu huyohuyo, akirudi kwenye chumba chake cha kupanga kwenye ploti kule Kabiria, alifungua albamu nane zilizojaa nchi ambazo hakuna ramani inayozijua. Nilimuuliza mara nyingi kama haoni haya. Akaniambia, "Mama Shiro, ramani inakuonyesha mpaka uko wapi. Stempu inakuonyesha kuna mtu mahali fulani alitaka kuandikiwa." Ndivyo alivyokuwa: unamshika hapa, anatokea kule, na wewe ndiye unabaki na aibu.

Mambo yake mengine hayakupatana hata kidogo. Aliwaandikia wafalme kila wiki, lakini dada yake wa tumbo moja, aliyekuwa Nyahururu, alimaliza mwaka bila barua. Alikuwa mkali kwa uongo, lakini akiulizwa umri wake alitaja mwaka tofauti kila mara. Alikuwa bahili wa sifa kupita kiasi, ukimtolea kopi safi kama maji, anaitazama, anakohoa, anasema, "Si mbaya." Na alikuwa mwoga wa mbwa, jambo ambalo lingekuwa dogo tu kama asingekuja kuwa tarishi.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka, na alikitaka waziwazi, bila kuficha. Katikati ya jiji, kwenye ukumbi wa ghorofani karibu na Mtaa wa Biashara, klabu ya wakusanyaji stempu ilifanya maonyesho yake kila mwaka. Wengi wao walikuwa wazee wa Kihindi, wenye maduka, madaktari, mawakili. Kulikuwa pia na mashekhe wawili wa asili ya pwani, na Mwalimu wetu. Kila nchi ilipewa fremu yake ya kioo yenye miguu, na fremu zilisimama ukumbini kwa mpangilio wa alfabeti, watu wakipita na lenzi mkononi. Mwalimu alitaka fremu moja. Kila mwaka alipeleka albamu, na kila mwaka Mwenyekiti wa klabu, Kalasinga mmoja mpole aliyekuwa na duka la vifungo na zipu, alimrudishia.

"Mwalimu, hizi ni lebo tu," alikuwa akimwambia. "Kama ya chupa ya jam. Rule yetu ni moja. Stempu ni ile imebeba barua, na barua ikafika kwa mtu. Hizi zimebeba nini? Na hao wafalme wako, kama wanataka fremu, wajoin klabu wenyewe."

Sikumlaumu Mwenyekiti, na Mwalimu hakumlaumu pia. Alikuwa mtu wa sheria, akamheshimu mwenzake wa sheria. Lakini mwaka ule aliporudi na albamu kwapani alipitia kibandani kwangu, akakaa kwenye benchi, akaniambia daktari amemwambia ana presha ya macho na kinachopotea hakirudi. "Nataka fremu moja tu, Mama Shiro. Niione nikiwa bado naona." Hakuwahi kuniambia jambo lililo wazi kama hilo. Nilizima mashine, nikamwagizia chai.

Sasa lazima nieleze habari ya boksi, maana bila boksi hakuna kilichotokea. Upande wetu hakuna tarishi anayebisha mlango. Barua huenda kwenye sanduku la posta, na asiye na sanduku huomba la mwenzake: la kanisa, la shule, la duka. Nusu ya Riruta na robo ya Kabiria ilitumia boksi la mwenye duka mmoja pale Corner, mtu mwenye roho safi ila asiye na mpango. Alizichukua barua mjini akienda kununua bidhaa, akazitupa ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia chini ya kaunta. Ukipita, unauliza. Usipopita, barua yako inalala chini ya nyingine, na nyingine inalala juu ya hizo.

Katika ploti ya Mwalimu aliishi fundi cherehani aitwaye Wafula, na binti yake Nekesa. Nekesa aliomba nafasi ya kusomea uuguzi. Barua ya kumwita kwenye usaili ilifika, ikaingia katonini, na alipoipata, tarehe ilikuwa imepita wiki tatu. Chuo kikamwambia aombe tena mwaka ujao. Nilikuwepo Wafula alipoisoma ile barua. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akarudi kwenye cherehani yake akashona suruali ya mtu. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akamtazama Wafula, na nadhani ni pale pale nchi yetu ilipozaliwa.

Kesho yake alikuja kwangu na mchoro wa kikombe.

"Tunaanzisha posta," akasema. "Kutoka katoni mpaka mlangoni. Kila siku."

"Na nani atalipa?"

"Atakayeletewa barua atanipa chai. Barua, kikombe kimoja. Kifurushi, vikombe viwili. Hiyo ndiyo sarafu yetu. Nchi yoyote ina sarafu."

"Mwalimu, sasa wewe pia umetangaza uhuru?"

"Sijatangaza. Nimeanza kazi. Kutangaza ni rahisi, hata mimi nina albamu nane za watu waliotangaza."

Tulitengeneza stempu sisi wenyewe. Mimi nilipunguza ule mchoro kwenye mashine mpaka vikombe ishirini vikaenea karatasi moja. Wafula alitoa uzi kwenye sindano ya cherehani, akapitisha karatasi hivyo hivyo, sindano ikatoboa mistari ya vitobo iliyonyooka kuliko ya serikali. Gundi ilikuwa wazo la Wafula pia: uji mzito wa unga wa ngano, na sukari kidogo ili ishike. Tulipaka nyuma, tukaanika, tukaweka kwenye droo ya cherehani tukiwa na furaha ya mawaziri. Asubuhi tulipofungua droo, mende walikuwa wamefanya karamu. Toleo zima la kwanza lilikuwa limeliwa, isipokuwa stempu tisa zilizobaki na pembe zilizong'atwa. Mimi nilitaka kuzitupa. Mwalimu aliziokota moja moja kwa kibano, akaziweka kwenye bahasha yake, akasema hizo zitangoja siku kubwa. Toleo la pili halikutiwa sukari.

Muhuri aliuchonga kwa wembe kwenye soli ya patipati. Sheria aliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wake: stempu ya serikali iko mbele ya bahasha na haiguswi; yetu inakaa nyuma. "Mbele ni pa serikali," alikuwa akisema. "Hatushindani na mtu. Sisi tunaanzia pale wengine wameishia." Tarehe na saa aliandika kwa kalamu, pembeni mwa muhuri, na hakukosea hata mara moja.

Jambo moja tu lilitushinda: jina. Wafula alitaka jamhuri. Mimi nilitaka ufalme, nikitumaini kupata cheo. Wapangaji waligombana uani mpaka mwenye ploti akadhani ni habari ya maji. Mwalimu alikataa majina yote. Akasema mtoto hupewa jina akishazaliwa salama, na stempu zetu zikabaki na kikombe, thamani, na neno POSTA peke yake.

Basi kila mchana alikwenda Corner, akachambua ile katoni, akabandika, akagonga muhuri, akashika njia kwenda Riruta mpaka Kabiria. Aliwashinda mbwa kwa filimbi ya mwamuzi wa mpira. Alisimama mbali na geti, akapuliza, mwenye nyumba akatoka. Watoto walimfuata wakipiga kelele za goli. Watu wazima nao walicheka mwanzoni. Kisha mmoja akapata barua ya pensheni, mwingine picha za mjukuu kutoka Uingereza, na kicheko kikaisha. Sufuria za chai zilianza kuwekwa motoni filimbi ikisikika mtaa wa pili. Kwa kuwa hakukataa malipo halali, ilimbidi ajue kila choo kuanzia Corner mpaka mwisho wa Kabiria, na hiyo nayo ni jiografia.

Barua ya pili ya Nekesa ilifika Alhamisi. Mwenye duka aliingia nayo saa tisa, mvua ikinyesha vibaya, na Mwalimu alikuwa kwangu akingoja ipungue. Aliona nembo ya chuo kwenye bahasha. Akaigeuza, akatoa ile bahasha yake ya stempu tisa, akachagua moja iliyoliwa pembe, akailamba, akaibandika. Akagonga muhuri juu ya mashine yangu mpaka kioo kikatikisika. Nilimwambia angoje mvua. Alivua koti, akaifunga barua ndani yake, akatoka na shati.

Nilisimulia habari hii mara nyingi baadaye na watu hudhani naongeza chumvi. Usaili ulikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi. Siku iliyofuata tu. Nekesa alienda, akapita.

Baada ya hapo kibanda changu kilibomolewa kupisha jengo la ghorofa, nikahamishia mashine zangu Rongai. Nilisikia habari za Mwalimu kwa mbali: kwamba posta inaendelea, ingawa simu za mkononi zimepunguza barua; kwamba macho yamezidi kufifia; kwamba alipeleka bahasha mjini mwaka mmoja na Mwenyekiti akasema muhuri wa patipati mtu yeyote anaweza kugonga nyumbani. Miaka minne na ushee ikapita. Kisha Wafula akanipigia simu.

"Mama Shiro, Jumamosi kuja town. Mwalimu anajaribu tena. Na amesema hii ndio ya mwisho, macho imekataa."

Nilifika ukumbini nikiwa nimechelewa, nikapanda zile ngazi mbili mbili kwa umri wangu. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, suti ile ile ya kijivu, mkono mmoja kwa Wafula. Amekonda. Nilipomsalimu aligeuza uso upande wa sauti yangu, si upande wangu. Lakini mkono wake ulikuwa na nguvu.

"Umechelewa," akaniambia. "Nchi ingeanguka kwa sababu yako."

Mwenyekiti alikuwa mezani, kilemba cha buluu, ndevu sasa nyeupe kabisa, na ile bahasha ya Alhamisi iko chini ya lenzi yake. Wanachama walikuwa wamemzunguka. Aliigeuza mbele, akaangalia stempu ya serikali. Akaigeuza nyuma, akakaa na kile kikombe muda mrefu.

"Hii pembe imefanya nini?" akauliza.

"Mende," akajibu Mwalimu. "Toleo la kwanza. Zimebaki nane."

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke. Mwenyekiti hakucheka. "Mwalimu, mimi nakuheshimu, unajua. Lakini lazima niulize. Rule inasema barua ifike kwa mtu. Hii, nani alikuwa anaingojea?"

"Mimi," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Nekesa, ametoka zamu moja kwa moja, sare nyeupe ya muuguzi, sweta ya buluu juu yake, saa imening'inia kifuani. Watu wakampisha. Alikuja mpaka mezani, akamsalimu Mwenyekiti kwa mikono miwili.

"Mimi ndio nilikuwa naingoja, mzee. Mwaka wa kwanza ilikaa kwa katoni mpaka tarehe ikapita. Mwaka wa pili Mwalimu akaniletea hiyo hapo, na mvua, hiyo siku imefika tu. Interview ilikuwa kesho yake asubuhi. Ingelala huko usiku mmoja, saa hii ningekuwa nashona vifungo na baba."

"Na alikulipisha nini?"

"Kikombe kimoja cha chai. Hata hakumaliza. Alikuwa na barua za watu wengine."

Mwenyekiti aliweka lenzi chini. Alivua miwani, akaipangusa kwa kitambaa, akaivaa tena. Nilimtazama Mwalimu. Mtu aliyechapa nusu ya Riruta bila kupepesa jicho alikuwa ameshika mkono wa Wafula kama anayevuka barabara. Nililia, sitakataa. Sijui hata nilianza saa ngapi.

"Imebeba," Mwenyekiti akasema. "Na imefika. Basi hii ni stempu." Akachukua kadi nyeupe na kalamu ya wino. "Fremu moja. Niandike nchi gani?"

Mimi, Wafula na Nekesa tulitazamana. Vita vyote vya uani vilinirudia kichwani, nikajua hakuna aliye na jibu. Lakini Mwalimu alinyoosha mgongo, kama zamani alipoingia darasani.

"Andika Kabiria."

Mwenyekiti akaandika, herufi kubwa, akapuliza wino. Kisha akainuka, akatazama ule mstari mrefu wa fremu, akaanza kuhesabu herufi kwa kidole. Akasimama.

"Tuna shida, Mwalimu. Sisi tunapanga kwa alfabeti. Kabiria inaingia baada ya Japan, kabla ya Kenya. Na hapo katikati hakuna nafasi."

"Basi sogeza Kenya," akasema Mwalimu.

Mwenyekiti akavua koti lake, akalitundika kwenye kiti, akakunja mikono ya shati. Akamwita Wafula ashike upande wa pili wa ile fremu ya Kenya, iliyokuwa kubwa kuliko zote na nzito, imejaa ndege na wanyama na marais. Mashekhe wakaja kusaidia, Nekesa akashika kioo kisitikisike. Mwalimu hakuwaona, lakini alisikia miguu ya fremu ikikwaruza sakafu, akainua mkono akawa anawaelekeza.

"Kidogo tena," alisema. "Kidogo tena. Hapo."